Wale wa Chini

Jumanne, kipindi cha nne, ukungu uliingia darasani
bila kupiga hodi.
Nikachora ubaoni kisiwa cha mbali
na mstari mweupe kiunoni mwake.
"Huu ni ukuta," nikasema. "Waliujenga Warumi,
bahari hadi bahari,
ili wa kaskazini wabaki kaskazini."
Chaki ikavunjika kabla sijafika pwani ya pili.
Wale wa kaskazini, waliokuja kubandikwa jina baadaye,
nikawaandika pembeni: WAPIKTI,
yaani waliopakwa rangi,
wezi wa mifugo, warukaji wa kuta usiku.
Kalamu arobaini na saba zikanakili.

Ndeshukurwa wa dawati la nyuma,
yule anayefika na matope ya Mbokomu hadi magotini,
akanyoosha mkono.
"Mwalimu, hilo jina walipewa na wenye ukuta.
Wao wenyewe walijiitaje?"
Nikafungua kitabu. Nikakifunga.
Kengele ikaniokoa.

Nikapanda Kidia kwa miguu.
Kwenye kihamba cha baba,
pale masale yaliposimama tangu enzi za babu,
membamba, yakisukumana na upepo,
nikakuta kozi ya tisa ya matofali.
Kaka yangu Kundaeli anajenga.
Anajenga tangu ile kesi ya migomba minne,
tangu yale maneno ya msibani, mbele ya wakwe,
anajenga kwa saruji ya mkopo,
na juu amepandikiza vipande vya chupa
kama meno ya mtu anayecheka peke yake.
Masale yamelala kwenye toroli, mizizi juu.

Zamani aliyekosa alishika jani la isale,
akalipeleka kwa aliyemkosea,
na huyo hakuwa na mdomo wa kukataa.
Sasa nitalipitishia wapi?

Mfongo tu haukuhukumiwa.
Fundi ameuachia tundu, upana wa ndoo,
maji yanatoka kwa Kundaeli, yanaingia kwangu,
hayajabadilisha lafudhi.

Nikamwona mwanawe mdogo akicheza tunduni.
"Mnatuitaje siku hizi?" nikamuuliza.
Hajajua bado kuficha. "Wale wa chini," akasema.
Haya. Wale wa chini.
Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha:
chaki shavuni, chaki kwenye nyusi,
nimekwisha kupakwa.

Usiku ukuta unalindwa na Njiku, kijana wa Singida,
mwenye rungu, tochi, na koti la mtu mwingine.
Hajawahi kuionja Julai ya mlimani.
Anakohoa hadi mbwa wangu wanamjibu.
Hanijui. Ameambiwa tu, upande ule usiuamini.

Nikakumbuka nilichowahi kusoma nisikifundishe,
maana mtihani haukiulizi:
jirani na ukuta ule walifukua vibao vyembamba vya mti,
barua za askari na jamaa zao,
na moja haisemi lolote la Kaisari.
Inasema soksi zimetumwa.
Soksi, na ndara, na nguo za ndani.
Walinzi wengine walitoka Shamu,
wengine bara letu hili, kule juu kwenye jua,
wakatetemeka ndani ya ukungu wa watu
wakichunga mpaka ambao mama zao
wasingeweza hata kuutamka.

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku la mninga.
Soksi za sufu, za kijivu, kazi ya mikono ya mama.
Alifuma jozi mbili mwaka ule,
ya pili anajua Kundaeli ilipo.
Nikazipiga fundo, nikalenga kati ya chupa na chupa.

Zikaanguka upande wa pili.
Kikohozi kikakatika.
Kisha tochi ikapanda juu ya ukuta,
ikayumba kwenye migomba, ikanipata usoni.
"Wewe nani?" akauliza Njiku.

Nilifungua mdomo.
Maji yalikuwa yanapita tunduni, nayasikia.
Na kesho, kipindi cha pili, ni darasa lilelile,
Ndeshukurwa atakuwa amekaa palepale.