Siku Moja Katikati

Miaka kumi na moja, makasha nayahesabu,
Paa la banda lavuja, nambari naziratibu,
Msimamizi hungoja, nimpelekee jibu,
Ila huja ya adhabu, siku moja katikati.

Barua husema mwisho, tarehe ya thelathini,
Hutwaa kitambulisho, nikasimama langoni,
Kesho yake siyo kesho, si nje wala si ndani,
Mimi kwao si fulani, siku moja katikati.

Tarehe mbili narudi, kalamu ni ileile,
Barua mpya, ahadi, maneno ni yaleyale,
Mshahara hauzidi, ukidai ni kelele,
Yafuta miaka tele, siku moja katikati.

Mkopo niliuomba, niezeke Miritini,
Karani kwenye kichumba: "Umeajiriwa lini?"
Mdomo nikaufumba, nikatazama saini,
Ikanicheka machoni, siku moja katikati.

Sitini, twachanga sote, Nyamvula kashika buku,
Dzombo akaleta pete, Mwero akauza kuku,
Wakili: "Hati mlete, za mchana na usiku,"
Yote ni kwa hiyo siku, siku moja katikati.

Wa kampuni kainuka, akasafisha miwani:
"Huduma ilikatika, hawa kwetu ni wageni;
Miezi ikitimika, twaagana kwa amani,
Hawakuwamo kazini, siku moja katikati."

Kaapa bawabu Tsuma, na daftari la lango,
Kurasa akazisoma, jasho lamtoka mgongo:
"Waliingia mapema, saini hizi, si urongo,
Waliitwa, ni mpango, siku moja katikati."

Meli haisomi hati, ikifika ishushiwe;
Simu: "Njooni, lakini shati la kazi lisivaliwe."
Pesa mkononi, noti mbili, siri ifukiwe,
Tupo, tusihesabiwe, siku moja katikati.

Jaji, faili si haba, feni juu yazunguka:
"Hukumu mwezi wa saba, siku ya kwanza kufika."
Nyamvula kwenye mkoba, kalenda akaisaka,
Pale pale akacheka: siku moja katikati!

Ruhusa basi ya kwenda, hatuiombi kwa mtu,
Nitavaa lile gwanda, na nembo, hata viatu,
Nitahesabu kwa vyanda, sitini kasoro tatu,
Bawabu, andika: watu, siku moja katikati.