Waipa

Bi. Nafuna hana dawa mezani.
Ana kiti, ana kiti kingine, ana saa ya ukutani
aliyoigeuza uso isinihesabie,
na vidole viwili anavyoviinua
kama mtu anayeomba nafasi ya kusema.
"Fuata kwa macho. Kichwa kisiende."

Kushoto. Kulia. Kushoto.

Nje ni Nakuru ya saa nne asubuhi,
vumbi jeupe limepanda hadi Kaptembwo,
fundi wa vyuma anagonga karai ngo, ngo, ngo,
nami tayari nimefika Salgaa,
nina miaka kumi na miwili, mvua inanyesha,
lori la mafuta ya kupikia limelala ubavu mtaroni
na mama mmoja anapita mbio akisema,
"Kimbieni, hayajaisha."

Nina dumu la lita tano. La manjano. Mdomo mwembamba.

"Unaona nini sasa?"
Naona waipa.
Kioo kimemwagika barabarani kama chumvi ya mawe
lakini waipa bado iko kazini,
inapangusa hewa,
inapangusa mvua isiyotua popote,
kushoto, kulia, kushoto,
kama mtumishi ambaye hakuambiwa tajiri ameshahama.

Na ndani, kwa vifundo vya vidole, mtu anabisha hodi.
Hodi ya adabu.
Mara tatu, kimya, mara tatu,
kama jirani aliyekuja kuomba kiberiti
na hataki kusumbua.

Nilijaza dumu kwanza.

Hapo ndipo nimesimama miaka kumi na tisa.
Nimeoa nikiwa hapo. Nimemzika baba nikiwa hapo.
Mke wangu Jepkemei hakaangi;
nyumba yetu ni ya kuchemsha, hata mayai,
wageni hudhani nina vidonda vya tumbo.
Mvua ikianza nikiwa garini
huomba kushushwa, nikatembea.

"Kutoka sufuri hadi kumi, inakuuma kiasi gani?"
Tisa, nasema. Kumi nimemwachia yule wa ndani.
Haandiki. Anainua vidole.

Kushoto. Kulia.
Macho yangu yanachoka kama ng'ombe wa plau,
yanafika ukingoni, yanageuka, yanafungua mfuo mwingine
katika shamba lilelile la mawe.
Pumua. Unaona nini?
Waipa.
Endelea na hiyo.
Unaona nini?
Kandambili zangu, moja imekatika.
Endelea na hiyo.
Unaona nini?

Mkono.
Wangu. Mdogo, una mafuta hadi kiwikoni,
uko juu ya bati la mlango,
unagonga.
Mara tatu. Kimya. Mara tatu.
Namwitikia.

Sijui, Bi. Nafuna. Sijui kama nilifanya hivyo
au ni macho yameokota huruma njiani
yakaniletea.
Dumu lilijaa. Hilo halijamwagika.
Hakuniambia ni kweli, hakuniambia ni uongo;
alishusha mkono uliokuwa umeanza kutetemeka
(hata yeye huchoka, sikuwahi kufikiria)
akauliza namba.

Tano. Labda tano na nusu.

Jioni nilipita kibandani kwa Mama Adongo
nikanunua mafuta ya kupima, ya shilingi ishirini.
Akayamimina chupani, yakashuka bila haraka,
yakijikunja chini kama kamba inayorudishwa mahali pake.
Nilitazama hadi tone la mwisho.

Jepkemei aliitazama chupa,
akanitazama mimi,
akarudi kwenye chupa, kisha kwangu,
chupa, mimi.
Hakuuliza.
Akatafuta kitunguu.