Haragwe Jeupe

Huku Saskatoon, chini ya paa la kioo,
hakuna aliyewahi kufungwa. Hakuna kufuli,
hakuna njaa, hakuna kodi ya nyumba,
na jino likikuuma utaulizwa na watu watatu
kabla hujashika shavu.

Mimi ndiye mhesabu kura.
Kazi nyepesi. Tuko mia sita na kumi na mmoja,
na kila mwaka jibu ni hilo hilo.
Kila mtu hupewa maharagwe mawili kiganjani:
jeupe la kukubali, jekundu la kukataa.
Moja unalitumbukiza katika chungu kilichofunikwa kitambaa,
la pili unalirudisha kwenye kapu lenye mdomo mwembamba,
na ya kapuni hupikwa supu jioni ile ile,
supu nyekundu, nzito, yenye vitunguu.
Tumekula kukataa kwetu miaka arobaini.
Kunashibisha.

Mwaka ule swali lilikuwa la upepo.
Dirisha la kaskazini, la mwisho lisilozibwa,
lilikuwa likiingiza baridi ya nyika,
likipeperusha kofia, likiliza watoto wachanga.
Lorne Whitfield, msimamizi, akauliza
kwa sauti ya mtu anayekufunika blanketi:
"Tulizibe?"

Sijui kwa nini. Kweli sijui.
Nilikuwa nimezoea kusimama pale baada ya kazi
upepo unizabe kofi usoni,
kitu pekee mjini kisichoniomba radhi.
Mkono ukaingia chini ya kitambaa,
vidole vikachagua bila kuniuliza;
jeupe likaenda kapuni.

Nikahesabu. Meupe mia sita na kumi.
Nikarudia. Jekundu limelala katikati yao
kama tone la damu kwenye shuka la wageni.
Nikatangaza. Watu hawakunguruma.
Waliinamisha vichwa, wakahuzunika kwa upole,
upole ule, Mungu wangu, ule upole.

Jioni, Bi Paraskeva Dutchak akapakuliwa supu
na jeupe likaelea bakulini mwake.
Lilimfuata kwa bahati ya upawa tu.
Lakini ni mjane, hukohoa wakati wa kimya,
na pazia lake ni la manjano
hali mtaa mzima una kijivu.
Ushahidi gani tena?

Hawakumwadhibu. Walimletea keki.
Walikaa naye kwa zamu, usiku na mchana,
asije akahisi upweke hata dakika moja.
Wakamuuliza analalaje. Wakamfulia lile pazia,
likarudi kijivu, kwa makosa, samahani sana.
Wengi wape, husema watu.
Hakuna aliyeniambia
wengi wakishapewa hukurudishia nini.

Nilikwenda kwake na ungamo ncha ya ulimi.
Akanikazia macho juu ya kikombe,
akasema taratibu, wale wa zamu wakisikia:
"Ndiyo, ni mimi. Na nitarudia."
Nikanywa chai. Sukari ilizidi.
Nikanyamaza.

Dirisha lilizibwa Jumanne.

Mwaka uliofuata swali lilikuwa dogo:
rangi ya mabenchi ya ukingoni mwa mto.
Nikatumbukiza jeupe, haraka haraka,
kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.
Nikafunua kitambaa.

Mekundu saba.

Nikayapanga mezani moja moja, nikayagusa,
nikalitafuta langu, nami najua halimo.
Ukumbi ukangoja.
Mahali fulani nyuma, mtu akakohoa;
kisha mwingine, ambaye hana mafua.