Kanyagio la Breki

Limeoshwa, limepakwa nta,
tairi zinameta kama viatu vya bwana harusi.
"Kilomita elfu arubaini tu, dada. Lilikuwa la daktari."
Kila gari la Barabara ya Ngong lilikuwa la daktari.

Fundi Otiato hakujibu. Aliweka kiganja juu ya boneti:
moto.
"Mmeliwasha kabla hatujafika. Kwa nini?"

Kisha akapiga magoti, si kwa sala,
akatazama mpira wa kanyagio la breki.
Umelika hadi chuma.
Elfu arubaini haziwezi kula mpira hivi.
Akainua zulia, akanusa.
Tope.

Mimi, lakini, nilikuwa nimeshapenda rangi.
Buluu, kama sare yangu ya kwanza wodini.
Arubuni ilikuwa kwenye bahasha, ndani ya sidiria:
zamu za usiku, miaka sita ya chama.

"Bei hii ni ya leo tu," akasema muuzaji.
Otiato akapangusa vidole, kimoja kimoja.
"Basi tutakuja kesho alfajiri, likiwa baridi.
Na kitabu chake kiwe mezani."

Kesho yake yadi ilikuwa na pengo la upana wa gari moja
na doa la oili, bado bichi.

Nilirudi kwa miguu.
Bahasha ilinichoma kifuani, nzima.