Harufu ya Yai Viza

Kila usiku, taarifa ya habari ikiisha,
mkono wangu wa kushoto hupanda wenyewe,
hupita sikio, hufika utosini,
huchagua unywele mmoja, si huu, si ule, huo,
na kuung'oa.
Nautazama mzizi wake, mweupe kama punje ya ulezi.
Raha yake ni ya nukta moja.

Miaka kumi na tisa.
Mume wangu alidhani ni mba.
Mama alisema kuna mkono wa mtu.
Upo, mama. Huu hapa.

Siwatu, anayenisuka Mwananyamala,
ndiye pekee aliyeiona ile sahani tupu katikati.
Akaizungusha twende kilioni
na kunidai bei ile ile.

Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, duka la dawa lenye feni moja.
Lyaruu mfamasia ananishikisha kopo.
"Asetili-sisteini," anasema polepole,
kama anayenitambulisha kwa mkwe.
"Ni amino asidi iliyovishwa koti.
Inalegeza makohozi. Hospitali humtundikia
aliyebugia paracetamol, ini lisife."
"Na kichwa?"
"Kichwa..." Anafuta kaunta isiyo na vumbi.
"Mwilini inageuka kizuia kutu.
Wanasema ubongo nao una kutu zake.
Wameijaribu kwa wanaong'oa nywele, watu wachache, huko mbali:
wengine wakaacha, wengine wapi.
Panya wamepona mengi, dada. Sisi bado tunapimwa.
Na kama una dawa nyingine unayotumia, itaje sasa."

Kutu naijua.
Kigamboni tunapopanga, hatua mia nne toka maji chumvi,
nondo za dirisha huiva rangi ya matofali,
bawaba hulia kama paka.
Kila Desemba mwenye nyumba hupaka nyeusi,
kila Mei wekundu umeshatoboa.
Rangi haijawahi kuiondoa kutu. Huichelewesha.
Na kuchelewesha, kwa mpangaji, si haba.

Kidonge kinatumbukia glasini
kinachemka kama kimetukanwa.
Yai viza!
Mwanangu Nasibu anakimbilia uani:
"Mama, unakunywa mtaro?"
Nabana pua. Nakunywa mtaro.

Wiki ya kwanza tumbo linanguruma.
Wiki ya tatu, hamna kitu. Mkono unapanda.
Wiki ya sita umeme unakatika,
nakaa gizani saa nzima nikisikiliza jenereta la jirani,
na taa iliporudi
nikakuta viganja vyangu vyote viwili mapajani,
kama wageni waliokaribishwa kisha wakasahauliwa.

Labda ni kidonge.
Labda ni kwamba nilimwambia mtu, kwa sauti,
kaunta, na foleni nyuma yangu ikisikia.
Labda ni kilemba.
Nilimuuliza Lyaruu. Akasema hata yeye hajui,
akaniuzia kopo la pili.

Jumamosi Siwatu alipitisha kidole utosini
kidole kikasita.
"Vimeota," akasema,
"kama ndevu za mtoto wa kidato cha pili."
Nikasingizia shampuu.

Leo mkono umeinuka tena.
Umefika sikioni.
Nimeuwekea ungo wa mchele mbele yake:
haya, kama ni kuchagua, chagua hapa.
Ukachagua. Kijiwe, chuya, kijiwe,
punje iliyovunjika, kijiwe,
mpaka jenereta la jirani likazimwa
na Nasibu akauliza kesho tuna wageni wangapi.

Sitaki kudanganya:
nilipokunja mkeka
kulikuwa na nywele mbili.