Hakuna Tukio

Usiku, korido ikishapigwa deki,
naisikiliza sumaku ikipumua:
chwi, chwi, chwi,
kama kifaranga kilichojengewa ukutani.
Ni pampu ya baridi. Kazi yake
kuishika heliamu isije ikageuka hewa
ikatutoroka kupitia paa la hospitali,
ikajiendea na upepo wa Punta Arenas
ambao haujawahi kurudisha kitu.

Tangu Machi sauti imelegea.
Sikuisikia kwa sikio. Sikio langu lina miaka hamsini na minne
na hukitetea chombo lililokizoea.
Niliiona kwenye skrini: mstari
unaopanda taratibu kama mtu asiyetaka
ngazi zimsemee.

"Siku thelathini na moja," kompyuta inakadiria,
"pungufu au zaidi, tisa."
Hiyo tisa
ndiyo ninayolala nayo.

Daktari Oyarzún yuko mlangoni, kikombe mkononi.
"Eduvina, si inafanya kazi?"
Inafanya.
"Sasa unaizima ya nini?"
Nimjibuje? Aliyeziba ufa
hana ukuta wa kumwonyesha mtu.

Wala sina cha kujivunia.
Februari, ile nyingine, ya CT,
grafu zake zote zimetulia kama maji ya mtungi,
ilikata roho saa nne asubuhi bila hata kukohoa.
Binti mmoja kutoka Porvenir alikuwa juu ya meza,
mikono juu ya kichwa kama alivyoagizwa.
Akaniuliza kama ni yeye
aliyekosea kupumua.

Kwa hiyo natafuta siku.
Kipuri kitakuja kwa ndege toka Santiago,
lakini mtungi wa heliamu haupandi ndege:
utapakiwa melini Puerto Montt, siku nne kati ya visiwa,
kisha lori, kisha barafu ya Juni barabarani,
kisha ofisi ya mapokezi, ambako karatasi
huganda kuliko barabara.
Naihesabu safari kinyumenyume
mpaka kidole kinatua: Jumanne na Jumatano, tarehe kumi na nane na kumi na tisa.

Chini ya kidole kuna majina kumi na sita.

Kumi na tano nilimwachia karani.
La kumi na sita nilipiga simu mwenyewe:
Remigio Mansilla, mkata manyoya ya kondoo,
maumivu ya kichwa, upande wa kushoto, tangu Pasaka.
Nikamwambia asogee mbele siku kumi na moja.
Kimya. Upepo ulikuwa umejaa kwenye simu yake.
"Mashine inaumwa nini?"
Bado haijaumwa, nikasema.
Akacheka, si kwa furaha:
"Basi imenipita kwenye foleni
ikiwa nzima."

Tuliifungua Jumanne, mimi na Galleguillos,
vidole vimekufa ganzi, redio imezimwa.
Ile *chwi* ilipokoma
wauguzi watatu walikuja mbio kuuliza kuna nini.
Hawakujua kama walikuwa wakiisikia.

Kizibo kilikuwa kimelika upande mmoja,
kama kisigino cha mtu anayebeba ndoo kwa mkono uleule
maisha yake yote.
Kingevumilia wiki moja? Kingefika masika?
Galleguillos alikigeuza kwenye mwanga, akabetua midomo.
"Hiki," akasema, "kingeweza lolote."

Kiko ndani ya droo yangu, pamoja na betri na tambi za viatu.

Tarehe ishirini na tisa Remigio alilala ndani ya sumaku,
buti zake mlangoni, zimeelekezana.
Nilisimama nyuma ya kioo, nisikokuwa na kazi.
Picha zilitoka safi, kila mkunjo mahali pake.
Kilichoonekana ndani yake ni siri yake na daktari;
mimi nilitazama uso wa daktari tu,
kisha nikatazama sakafu, nikizihesabu
zile siku kumi na moja.

Jioni nikajaza daftari la zamu.
Halijoto: kawaida. Heliamu: imejaa.
Na kwenye mstari wa mwisho, ule
ambao hakuna anayeusoma:
*Hakuna tukio.*
Kalamu ikakaa pale juu ya nukta
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.