Tulikosea

Gazeti letu liliitwa Kona Fupi.
Kurasa ishirini na nne, pini mbili mgongoni,
limechapwa kwa roneo ya parokia, kule Katuba,
usiku, padri akijifanya amelala.
Wino ulishika kucha zetu hadi Jumatano.

Mimi sikuwa mwandishi. Nilikuwa rula.
Nilichora msimamo wa ligi, safu kwa safu,
nikaipandisha Umoja ya Kampemba kutoka nafasi ya tisa hadi ya nne
na kuirudisha tena ya tisa,
kwa penseli kwanza, maana timu yetu
haikuwa ya kupewa wino mapema.

Fwamba aliandika yote mengine:
tiketi zilizouzwa mara mbili,
kipa aliyelipwa mshahara wa magunia mawili ya unga.
Mwenyekiti wa klabu alinunua nakala mbili kila toleo,
moja ya kuchana mbele ya watu,
moja ya kusoma chooni.

Lakini watu walifungua kwanza ukurasa wa pili,
pembe ya chini, palipoandikwa Tulikosea:
"Mwamuzi wa Likasi si chongo. Ana macho yote mawili.
Tunamwomba radhi, ingawa Jumapili hakuyatumia."
"Beki Kapya hakufukuzwa na mkewe. Alihama mwenyewe."

Sijui kushuka kulianzia wapi.
Rimu ya karatasi ilipanda franga, ikapanda tena.
Kurasa kumi na sita. Nane.
Vijana wa Kenya, mtaa wetu, si nchi,
walivaa Madrid kifuani wakakesha na Madrid simuni,
na mtu akikuuliza Umoja imecheza na nani
ulijua ana deni lako, anatafuta maneno.
Fwamba akaenda Kolwezi kupima magunia ya mawe.
Aliandika barua moja. Haikuwa na mpira ndani.

Siku moja mwenyekiti akaja mwenyewe,
akasimama mlangoni na viatu vyake vya kung'aa:
"Mbona hamnitukani tena?"
Akatoa noti, akasema ni za karatasi tu.
Tukazikataa, vifua mbele.
Alipoondoka tukakaa tukiutazama mlango.

Toleo la mia moja na kumi na tatu
lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa. Nakala arobaini.
Mvua ya Januari, Umoja moja, Likasi bila.
Jezi zote zilikuwa rangi moja, rangi ya udongo.
Dakika ya themanini na nane mguu ulitoka kwenye matope,
nami, nikimshikia Fwamba nafasi, nikaandika Kabamba.

Alikuwa Mwansa.
Beki wa kushoto, misimu tisa,
goli moja maishani.

Toleo jingine halikutoka,
na kosa lisilo na toleo jingine
hubaki pale lilipoketi, limekunja miguu.

Sasa Mwansa anaendesha lori la shaba kwenda Kasumbalesa.
Tukikutana kwa mama wa bukari, barabarani,
haniulizi habari za nyumbani.
"Mzee wa rula, toleo lijalo lini?"
Nakala yake anayo, juu ya usukani, ndani ya plastiki.
Nikamwambia: si uchukue kalamu, ukate, uandike jina lako.
Akaosha mikono taratibu, kidole kwa kidole.
"Kusahihisha si kazi yangu," akasema.
"Yangu ilikuwa kupiga."

Leo umeme umerudi saa nne usiku.
Rula ninayo bado, imelika upande wa sentimita.
Sina roneo, sina padri, sina Fwamba.
Naandika kwa mkono, nakala moja:

Kona Fupi, toleo la mia moja na kumi na nne.
Tulikosea. Palipoandikwa Kabamba pasomeke Mwansa.
Mguu wa kushoto. Mpira ulimgonga goti kwanza,
hilo nalo tuliseme.
Msimamo haubadiliki.